Dakika Nne na Mkono wa Nesi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na swali lililowasumbua wakubwa wa hospitali huko Marekani, na ukilisikia leo unaweza kudhani ni mzaha. Nesi yuko wodini. Moyo wa mgonjwa aliye mbele yake umesimama. Mashine ya kuushtua moyo iko pale pale kando ya kitanda, imechomekwa kwenye umeme. Je, nesi anaruhusiwa kuigusa?

Jibu la kawaida lilikuwa hapana. Kazi yake ilikuwa kumwita daktari na kumsubiri. Daktari naye huenda yuko ghorofa nyingine, huenda yuko kwenye upasuaji, huenda amelala nyumbani kwake. Na ubongo ukikosa damu huanza kuharibika baada ya dakika kama nne. Piga hesabu mwenyewe.

Historia ya ugonjwa wa moyo tumezoea kusimuliwa kama historia ya madaktari wakubwa: fulani aligundua hiki, fulani akavumbua kile, nesi anaonekana pembeni ya picha amebeba trei. Mimi nimekuwa nikiisoma kutoka upande wa trei. Labda ni kwa sababu niliacha chuo kabla ya kuvaa joho, na hadithi za watu walioambiwa ujuzi fulani si wao hunivuta. Lakini sababu kubwa ni kwamba ukiisoma hivyo, unaona kitu ambacho upande ule mwingine haukionyeshi: kwa miaka mingi kilichokosekana hakikuwa mashine wala dawa. Kilikosekana kibali.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo ni pampu inayosukuma damu mwili mzima, lakini yenyewe hailishwi na damu inayopita ndani yake. Ni kama yule jamaa anayeishi chini ya tangi la maji la mtaa, halafu bomba la kuingia nyumbani kwake ndilo jembamba kuliko yote. Moyo hulishwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje kama taji, ndiyo maana ikaitwa ateri za korona. Naam, neno ni lile lile la Kilatini lililotufungia ndani mwaka 2020, maana yake taji. Mafuta yakijijenga kwenye kuta za mishipa hiyo miaka nenda miaka rudi, njia huwa nyembamba. Ukitembea polepole uko sawa. Ukipanda ngazi, moyo unadai damu zaidi, damu haipiti, kifua kinabana. Ukisimama kupumzika, kinaachia. Siku utando wa mafuta hayo ukipasuka na damu ikaganda juu yake, njia inazibika kabisa na sehemu ya msuli wa moyo huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Kubana kunakokuja na kuondoka kulielezwa vizuri London na daktari William Heberden, katika maelezo aliyoyasoma mbele ya wenzake mwaka 1768 na kuchapishwa mwaka 1772. Ndiye aliyekupa jina linalotumika hadi leo, anjaina. Alieleza watu wanaoshikwa wakitembea, hasa wakipanda mlima, hasa baada ya kula, na wanaopata nafuu mara tu wakisimama. Hakujua chanzo ni nini, ila aliwasikiliza wagonjwa kwa makini sana. Baadaye aliandika kwamba ameona karibu watu 100 wenye ugonjwa huo, na kati yao wanawake walikuwa watatu tu. Shika hiyo namba. Tutairudia.

Aliyeanza kushuku mishipa ya taji ni Edward Jenner, yule yule wa chanjo ya ndui. Mwalimu na rafiki yake, daktari mpasuaji John Hunter, alikuwa na anjaina, na Jenner aliogopa kusema wazi anachoshuku asije akamtisha mzee. Hunter alikuwa na hasira za karibu na alijua zinamuumiza. Tarehe 16 Oktoba 1793 alikwenda kwenye mkutano wa hospitali yake London, kukatokea mabishano, akaondoka mle chumbani na kufa. Walipompasua wakakuta mishipa inayolisha moyo imekuwa migumu.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 100 baada ya hapo iliaminika kwamba mshipa wa moyo ukiziba ghafla, mtu amekwisha. Mwaka 1912 James Herrick wa Chicago akaandika kwamba sivyo: wapo wanaopona, na kwa hiyo wapo wanaoweza kuuguzwa. Ushauri wake ukawa mapumziko kamili kitandani.

Hapo ndipo nesi alipoingia, ingawa vitabu havimtaji sana. "Mapumziko kamili" yalimaanisha wiki nne, mara nyingi sita, mgonjwa amelala chali. Haruhusiwi kujilisha, kujinyoa wala kujigeuza. Sasa nani alimlisha? Nani alimwosha, akamgeuza, akambadilishia shuka, akamwekea chombo cha haja, akamtuliza usiku anapolia kwa woga? Mgonjwa wa moyo wa mwaka 1930 alikuwa mzigo wa mikono ya nesi kuanzia asubuhi hadi asubuhi. Na nesi huyo, aliyekuwa akimwona saa zote, ndiye pia aliyeona kwamba mapumziko hayo yanaua. Miguu isiyotembea hugandisha damu, na donge likipanda hadi mapafuni mtu anakufa ghafla akiwa katika wiki ya tatu ya "kupona".

Mwaka 1952 Samuel Levine na kijana wake wa kazi, Bernard Lown, walichapisha huko Boston matokeo ya kuwaketisha wagonjwa 81 kwenye viti vya mikono siku za mwanzo kabisa badala ya kuwalaza. Kiti tu! Hakuna dawa mpya, hakuna mashine. Wengi walifanya vizuri, na taratibu zile wiki sita zikaanza kupungua.

Miaka mitatu baadaye ugonjwa huu ukaenda hadi Ikulu. Septemba 1955 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alikuwa mapumzikoni Denver. Ijumaa tarehe 23 alicheza gofu, mchana akala hambaga yenye vitunguu vibichi, na jioni tumbo likawa linamsumbua. Usiku wa manane maumivu yakamshika kifuani. Daktari wake akamdunga mofini, na kesho yake asubuhi waandishi wakaambiwa Rais ana shida ya tumbo. Mchana ndipo mashine ya kupima umeme wa moyo ilipoletwa, na ikaonekana kwamba Rais amepata mshtuko wa moyo. Alikaa hospitalini karibu wiki saba.

Yaani mtu mwenye daktari wake binafsi na nchi yenye utajiri kuliko zote alilala na mshtuko wa moyo usiku kucha, asubuhi ikatangazwa ni tumbo. Ukimsikia mjomba wako akisema "hii ni gesi tu, niletee soda baridi," usimcheke. Yuko kwenye safu ya watu mashuhuri.

Kufikia mwaka 1960 vipande vyote vya kumwokoa mtu vilikuwa mezani. Tatizo kubwa siku za kwanza baada ya mshtuko huwa ni umeme wa moyo. Msuli uliojeruhiwa huvuruga mapigo hadi moyo unatetemeka bila kusukuma chochote, kama injini inayonguruma gari likiwa limekwama kwenye matope. Claude Beck wa Cleveland alikuwa ameurudisha moyo wa namna hiyo kwa umeme mwaka 1947, kifua cha mvulana wa miaka 14 kikiwa wazi kwenye meza ya upasuaji. Paul Zoll akafanya hivyo juu ya ngozi mwaka 1956, bila kupasua. Kisha mwaka 1960 watu watatu wa Baltimore, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, wakaonyesha kwamba ukikandamiza kifua kwa mikono miwili unaweza kuendelea kupeleka damu kwenye ubongo hadi umeme ufike. Hicho ndicho unachofundishwa leo kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza.

Basi mbona watu waliendelea kufa wodini? Kwa sababu walilazwa popote. Huyu wa moyo yuko kitanda cha mwisho, jirani yake amevunjika mguu, na nesi mmoja wa zamu ana wodi nzima. Moyo ungesimama saa tisa usiku, kimya, na mtu angegunduliwa wakati wa chai ya asubuhi.

Mwaka 1961 daktari kijana wa Edinburgh, Desmond Julian, alipendekeza jambo rahisi: wakusanye wagonjwa hawa mahali pamoja, waunganishe na mashine inayoonyesha mapigo muda wote na kupiga kengele yakivurugika, halafu wafundishe wafanyakazi wote, wauguzi wakiwemo, kuushughulikia moyo uliosimama. Mei 1962 Hughes Day akafungua wodi ya namna hiyo katika hospitali ya Bethany, Kansas City. Karibu wakati huo huo, Lawrence Meltzer akaanza yake katika hospitali ya Presbyterian, Philadelphia, na hapo ndipo kuna mtu ninayetaka umjue.

Anaitwa Rose Pinneo. Alikuwa nesi, na ndiye aliyeongoza upande wa uuguzi wa mradi ule. Hoja yake na Meltzer ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayejua zamu zinavyokwenda: daktari hawezi kukaa kando ya kitanda saa 24, nesi anakaa. Mashine ya dola elfu ngapi haina maana ikiwa anayeitazama haelewi anachokiona, na kengele haina maana ikiwa anayeisikia amefungwa mikono. Kwa hiyo wakaanza kuwafundisha wauguzi kusoma ile mistari ya moyo kwenye kioo: haya ni mapigo ya kawaida, hili ni pigo la mapema, haya matatu yanayofuatana ni onyo, huku kutetemeka ni kifo, na una sekunde tu. Na wakawapa ruhusa ya jambo lililokuwa mwiko: ukiona hivyo, usimsubiri mtu, weka vyuma kifuani na ushtue moyo.

Usiichukulie hatua hiyo kama kitu kidogo. Kutambua ugonjwa ilikuwa kazi ya daktari, kisheria na kimila. Hata kipimo cha presha, ambacho leo kila duka la dawa mtaani kinacho, kilianza kikiwa kifaa cha daktari. Sasa kuna watu wanasema mwanamke wa kofia nyeupe atazame mstari, aamue maana yake, kisha apitishe umeme kwenye kifua cha mtu, peke yake, usiku. Wapo waliosema wagonjwa watauawa.

Kilichotokea ni kinyume. Mwaka 1965 Meltzer, Pinneo na mwenzao Kitchell walichapisha kitabu cha kufundishia, na kichwa chake kilisema wazi kwamba ni mwongozo wa wauguzi. Wodi za moyo zikaenea. Vifo vya hospitalini vya watu waliopata mshtuko wa moyo, vilivyokuwa karibu 30 katika kila 100, vikashuka hadi kama 15. Mwaka 1967 Killip na Kimball wa New York, walioandika kuhusu wagonjwa 250, nao walieleza wodi ambayo nesi amefundishwa na amepewa mamlaka ya kuchukua hatua. Mashine peke yake haikuwa imetosha. Ilihitaji mtu aliye macho, anayejua, na aliyeruhusiwa.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba mpango wenyewe haukudai akili za ajabu. Ulidai mtu akiri kwamba aliye karibu na kitanda ndiye anapaswa kujua zaidi. Ukishakubali hivyo, kila kitu kinahama. Mwaka 1966 Frank Pantridge wa Belfast aliihamisha wodi hiyo hadi ndani ya ambulensi, kwa kuwa wengi walikuwa wakifa kabla ya kufika kwa nesi yeyote. Leo mashine hizo ziko ukutani kwenye viwanja vya ndege, zinaongea, zinamwelekeza mtu yeyote la kufanya. Ujuzi uliotoka kwa daktari kwenda kwa nesi umefika hadi kwa mlinzi wa getini.

*

Sasa njoo nyumbani, kwa sababu huku kulikuwa na kizuizi cha aina yake.

Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, upande wa Kisii, Cyril Donnison, alichapisha vipimo vya presha vya watu 1,000. Aliandika kwamba katika miaka miwili, kati ya wagonjwa karibu 1,800 waliolazwa, hakuona hata mmoja mwenye presha ya juu, na kwamba presha za watu wa huku zilipofika utu uzima hazikupanda kama za Wazungu, zilianza kushuka. Mwaka huo huo alikuja Kenya daktari mwingine, Hugh Trowell, ambaye baadaye alihamia Kampala. Ilimchukua hadi mwaka 1956 kuchapisha, pamoja na mwenzake Singh, kisa cha Mwafrika wa Afrika Mashariki mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na kilikuwa adimu kiasi cha kuandikiwa makala katika jarida la madaktari.

Sidhani Donnison alidanganya. Aliona alichokiona: watu waliotembea, waliolima, waliokula chumvi kidogo. Lakini uchunguzi ukikaa sana hugeuka kuwa imani, na imani ikikaa sana hugeuka kuwa macho. Ukiambiwa darasani kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri, basi mama wa sokoni akija na kifua kinachobana utamtibu vidonda vya tumbo, na hesabu za mwaka zitaonyesha tena kwamba Waafrika hawaugui moyo.

Miaka ya 1980 watafiti walifanya jambo ambalo naona kila kijana wa Nairobi angepaswa kulijua. Waliwafuatilia vijana Waluo waliotoka mashambani Nyanza kuja Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha za waliohamia zilikuwa juu kuliko za waliobaki, na tofauti ilionekana mapema sana, ndani ya mwezi wa kwanza. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, ile inayopatikana kwenye mboga na matunda. Yaani damu haikuwa ya Mwafrika wala ya Mzungu. Ilikuwa ya mtu aliyeshuka basi mjini akaanza kula chakula cha mjini na kulala usingizi wa mjini. Wale vijana leo ni babu zetu na wajomba zetu, na sisi tumezaliwa tukiwa tayari tumeshuka kwenye basi.

Halafu kuna suala la lugha, na hili nimelielewa kwa shangazi yangu, nesi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi magharibi mwa Kenya. Nilimuuliza alikuwa anajuaje maumivu ya kifua ni ya moyo. Akaniuliza, "Wewe ukisema una kifua, unamaanisha nini?"

Nikamwambia kikohozi. Homa.

"Basi hiyo ndiyo kazi yenyewe, mwanangu."

Kwa Kiswahili cha kawaida, mtu mwenye kifua ana kikohozi. Kichomi ni maumivu makali ya ubavuni yanayozidi ukivuta pumzi. Kiungulia ni moto unaopanda kooni baada ya kula. Roho ikikuuma huenda umeachwa na mpenzi, huenda unakufa. Na wapo wazee ambao hawatasema wanaumwa kabisa, watasema wanasikia "uzito" tu. Heberden aliwasikiliza wagonjwa wake kwa lugha moja. Nesi wa hapa anasikia malalamiko kwa Kiswahili, kwa Kiluhya, kwa Kikalenjin, kwa Sheng, akiwa na foleni ya watu 60, na anatakiwa kuchagua nani asisubiri.

Shangazi alisema alikuwa hamuulizi mgonjwa ataje ugonjwa. Alimwambia, "Nionyeshe kwa mkono." Mtu akionyesha kwa kidole kimoja, "hapa, ukibonyeza panauma," mara nyingi ni msuli au mbavu. Akiweka ngumi au kiganja kizima katikati ya kifua, anaharakisha. Alama hiyo ya ngumi imepewa jina la Levine, yule yule wa viti vya mikono. Si ushahidi wa mwisho, ila inatosha kumtoa mtu kwenye foleni. Kisha yanafuata maswali yake: yalianza lini, ukifanya nini? Yanaenda wapi, begani, mkononi, tayani, mgongoni? Yanabana, yanachoma au yanadunga? Ukipumzika yanaachia? Unatokwa na jasho baridi? Nyumbani kuna aliyekufa ghafla? Maswali hayo hayahitaji umeme. Lengo siku hizi ni mgonjwa wa namna hii apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika kumi tangu afike, na anayeamua kama dakika hizo zimeanza kuhesabiwa kwa kawaida ni nesi wa mapokezi.

*

Nilikuambia ushike ile namba ya Heberden: wanawake watatu katika karibu 100. Kwa zaidi ya karne mbili picha ya mshtuko wa moyo ilibaki ya mwanamume mnene anayeshika kifua na kuanguka. Vitabu viliandika hivyo, sinema zikaigiza hivyo.

Mwaka 2003 mtafiti wa Arkansas, Jean McSweeney, alichapisha utafiti wa wanawake 515 waliokuwa wamepona mshtuko wa moyo. McSweeney ni nesi kwa taaluma, na aliuliza swali la kinesi: ulikuwa unajisikiaje siku zote zile kabla? Asilimia 95 walisema mwili ulikuwa umebadilika zaidi ya mwezi mmoja kabla. Dalili iliyotajwa zaidi ilikuwa uchovu usio wa kawaida, asilimia 71, kisha usingizi kuvurugika, karibu nusu yao. Na wakati wa mshtuko wenyewe, asilimia 43 hawakuwa na maumivu yoyote ya kifua.

Tafiti nyingine zimekuta wanawake wengi zaidi wenye maumivu ya kifua, kwa hiyo usifute kifua kwenye orodha. Lakini soma matokeo hayo ukimfikiria mama anayefungua kibanda saa kumi na moja alfajiri. Amechoka. Nani atashangaa kwamba amechoka? Hawezi kulala. Nani katika nyumba ile analala? Anakosa pumzi akipanda ngazi, anasikia kichefuchefu, taya inamvuta, mgongo unamuuma. Ataambiwa ni stress, ni umri, ni presha ya watoto. Watu wenye kisukari nao huweza kupata mshtuko bila maumivu makubwa, kwa sababu neva zao zimeharibika na hazipeleki habari. Kwa watu hawa, kusubiri maumivu ya sinema ni kusubiri kifo.

Tiba za leo zipo na zinafanya kazi. Aspirini, kidonge cha bei ya peremende, ilipojaribiwa kwa zaidi ya watu 17,000 katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, ilipunguza vifo kwa karibu robo. Kuna dawa za kuyeyusha damu iliyoganda. Kuna mpira mwembamba wa kufungua mshipa kutoka ndani, alioufanyia Andreas Gruentzig majaribio kwenye meza ya jikoni kwake kabla ya kumtibu mgonjwa wa kwanza Zürich mwaka 1977. Lakini zote hizi zina adui mmoja, nayo ni saa. Kila nusu saa inayopita msuli mwingine unakufa, na msuli wa moyo ukishakufa haurudi.

Kwa hiyo yabebe haya. Kifua kikibana kwa zaidi ya dakika chache, hasa pamoja na jasho baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi, au maumivu yanayoenda mkononi, tayani au mgongoni, nenda hospitali sasa hivi, hata kama una miaka 27, hata kama jana ulikula choma. Usiendeshe gari mwenyewe. Kama aspirini haikudhuru na huna tatizo la kutokwa na damu, wahudumu wengi watakuambia utafune ya miligramu 300 ukiwa njiani. Mtu akianguka na hapumui, kandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa kasi, bila kungoja mwenye cheti.

Na ukifika kwenye dirisha la mapokezi, usiseme "nina kifua." Sista ana watu 60 nyuma yako. Mwambie kinabana, mwambie tangu saa ngapi, weka mkono pale panapobana. Akikuuliza kama umetumia vidonge vya nguvu za kiume tangu jana, usione haya na usidanganye, kwa sababu vikichanganyika na dawa ya kupanua mishipa atakayotaka kukupa, presha inaweza kushuka hadi ukafa mikononi mwake. Anauliza kwa sababu kuna watu walipigania awe na haki ya kuuliza. Mjibu.